Mwanagenzi, kamba na msumeno: juu ya historia ya utabibu wa miti

0. Utangulizi

Kuna kazi ambazo lugha huzipa jina mapema, kisha vyombo vyake vikabadilika karne kwa karne bila jina kutikisika. Kuna nyingine ambazo vyombo vyake vimekwisha kufika madukani, ilhali jina lingali linatafutwa. Kazi tutakayoichunguza katika makala haya ni ya kundi la pili. Ni kazi ya mtu anayepanda mti mkubwa uliomo mjini, kando ya nyumba, ya barabara au ya nyaya za umeme, akiwa amejifunga kamba, ili aupogoe, aondoe tawi lililokufa, au aushushe kipande kwa kipande pale ambapo hauwezi kuangushwa mzima. Wafaransa humwita élagueur, yaani mpogoaji tu. Waingereza na Wamarekani, tangu mwanzo wa karne ya 20, wamempa jina la fahari zaidi: wanamwita daktari apasuaye miti.

Jina hilo likifasiriwa neno kwa neno linatutega. Kitenzi kupasua kina watoto wawili katika Kiswahili. Hospitalini, mpasuaji ni daktari anayeufungua mwili wa mgonjwa ili amponye. Msituni, mpasua mbao ni mtu anayeligawa gogo kuwa mbao. Ukisema mpasuaji wa miti, msikilizaji wa Lubumbashi au wa Kisangani ataona mara moja msumeno, unga wa mbao na mti uliokwisha kufa. Maana ya uponyaji inapotea kabisa. Kwa hiyo tutasema tabibu wa miti, na anayeanza kazi hiyo tutamwita mwanagenzi, neno zuri la zamani ambalo halistahili kuachwa lioze ndani ya kamusi. Kwa tendo lenyewe la kupanda tunalo neno la pwani, kukwea, pamoja na mtendaji wake, mkwezi, ambaye kwa asili ni mtu wa minazi.

Swali letu ni hili: mwanagenzi wa kazi hii huchagua vyombo gani, na hupata kazi kwa nani? Laonekana swali dogo, la dukani na la mlangoni pa tajiri. Lakini likifuatwa kwa muda wa miaka mia moja na zaidi linaonyesha jambo ambalo vitabu vya sifa za makampuni havilisemi waziwazi. Orodha ya vyombo vya mkwezi ni hati ya historia: inatueleza ni nani aliyewekewa mzigo wa hatari ya kuanguka.

1. Shule ya Ohio

John Davey alizaliwa mwaka 1846 katika jimbo la Somerset, Uingereza, akajifunza kusoma akiwa karibu mtu mzima. Mwaka 1873 alihamia Marekani, na baada ya miaka kadhaa akatulia katika mji mdogo wa Kent, jimbo la Ohio, ambako alipewa kazi ya kutunza makaburi ya mji. Huko makaburini, kati ya miti ambayo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuikata, ndiko alikojizoeza njia zake za kupogoa na kutibu. Mwaka 1901 alichapisha, kwa gharama yake mwenyewe, kitabu chenye picha nyingi ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Daktari wa Miti. Mwaka 1909 yeye na wanawe waliunda kampuni, na karibu wakati uleule wakafungua shule ya kufundishia vijana. Francis Bartlett alikuwa amekwisha kuanza kampuni ya namna hiyo mwaka 1907.

Shule hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, maana inajibu nusu ya swali letu. Hapakuwa na mahali pengine ambapo kijana angeweza kusomea kazi hii, na wenye bustani kubwa hawakutaka kumpandisha mtu yeyote tu juu ya mialoni yao ya miaka mia mbili. Basi kampuni ilimchukua mwanagenzi, ikamfundisha, ikamtuma. Kutafuta kazi na kutafuta elimu lilikuwa jambo moja.

Vyombo vyake vilikuwa vichache. Cha kwanza kilikuwa kamba ya manila, iliyosokotwa kwa nyuzi za mmea wa Ufilipino ulio ndugu wa mgomba wetu. Mkwezi aliipitisha kamba juu ya panda ya mti, akaketi ndani ya kitanzi alichokifunga kwa ncha ya kamba hiyohiyo, kisha akafunga fundo linaloteleza linapopunguziwa uzito na kukaza linapolemewa. Hakuhitaji kununua mshipi wala pete za chuma: kamba moja ilikuwa ngazi, kiti na breki. Ubaya wa manila ni kwamba huoza kwa ndani ikiwekwa na maji, na macho hayaoni. Cha pili kilikuwa msumeno wa mkono uliopinda, wenye meno ya kukata unapovutwa, kwa sababu mtu anayening'inia ana nguvu ya kuvuta kuliko ya kusukuma. Mengine yalikuwa patasi, nyundo ya mti na ndoo ya saruji.

Saruji itamshangaza msomaji. Katika miaka hiyo tabibu wa miti aliuchonga mvungu wa mti uliooza mpaka akafikia mti mzima, akaupaka lami, kisha akaujaza saruji kwa matabaka yaliyotenganishwa ili shina liweze kuyumba bila kuvunja kijazo. Kwa kweli alifanana na daktari wa meno kuliko na mpasuaji. Kazi hiyo iliendelea kwa miongo mingi, ikalisha familia nyingi, na karibu yote ilikuwa bure. Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006, aliipasua maelfu ya miti kwa urefu wake ili atazame ndani, na katika mwaka 1977 akaeleza pamoja na mwenzake kwamba mti hauponi kwa maana ya mwili wetu. Hautengenezi upya nyama iliyooza. Unaizungushia kuta, unaiacha ndani, na kuendelea kukua kwa nje. Anayechonga mvungu hadi kufikia mti mzima anabomoa ukuta huo, na anayelikata tawi sambamba kabisa na shina anaondoa kile kivimbe cha chini ya tawi ambacho ndicho chenye ulinzi. Lami nayo haikuzuia kuoza.

Mwanaisimu hawezi kupita hapa kimya. Jina la kazi lilichukuliwa hospitalini, nalo likavuta nyuma yake vitendo vya hospitalini: kusafisha kidonda, kukipaka dawa, kukiziba. Istiara ilitangulia, mkono ukaifuata, na miti ikalipa.

2. Mkwezi mwingine, miaka ileile

Msomaji wa Kongo hawezi kuutaja mwaka 1909 wa Ohio bila kuukumbuka mwaka 1911 wa kwetu. Tarehe 14 Aprili mwaka huo, serikali ya Ubelgiji ilitia sahihi mkataba na William Lever, mtengeneza sabuni wa Port Sunlight, karibu na Liverpool. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilipewa duara tano zenye nusu-kipenyo cha kilomita 60 kila moja, na ruhusa ya kuchagua humo hadi hekta 750,000 za michikichi. Lusanga, penye mito ya Kwilu na Kwenge, ikaitwa Leverville.

Kiwanda cha mawese hakina maana bila mtu wa kupanda. Michikichi ile ilikuwa imejiotea, mirefu, na mkungu wa ngazi hauanguki wenyewe ukiwa bado mzuri. Mkataji alizungusha mshipi wa nyuzi za mimea kwenye shina na kiunoni mwake, akaegemea nyuma, akaurusha mshipi juu hatua kwa hatua, akafika penye makuti na kukata kwa panga au shoka. Mshipi ule hautofautiani kwa kanuni na ule ambao tabibu wa miti wa leo huuzungusha kwenye shina anaposimama kufanya kazi. Tofauti ni moja: wa leo una waya wa chuma ndani yake, ili blade ya mkwezi mwenyewe isiukate.

Lakini pale ambapo kijana wa Ohio alifundishwa na kampuni, mkataji wa Kwilu alifika na ujuzi wa baba yake na mshipi aliousuka mwenyewe. Kampuni haikulipa elimu ile wala chombo kile. Wala hakutafuta kazi. Kazi ilimtafuta yeye, kwa njia ya chifu, ya mkusanya kodi, na mara nyingi ya askari. Wakuu wa kampuni waliandika tena na tena kwamba wakataji hawatoshi, ambayo ni namna ya kusema kwamba wenye ujuzi hawakuona sababu ya kupanda kwa ujira ule. Bei ya matunda iliposhuka wakati wa msukosuko wa uchumi huku kodi ikibaki palepale, Wapende wa Kwango waliasi. Mwezi Juni 1931 ofisa Maximilien Balot aliuawa, na kwa ajili ya uasi huo watu kwa mamia waliuawa na jeshi la serikali.

Tumeleta habari hii si kwa ajili ya kulinganisha mti wa bustani na mti wa mawese. Ni kwa sababu vitenzi viwili vya swali letu, kuchagua na kutafuta, vinamdai mtu aliye huru. Orodha ya vyombo ya mkataji wa Leverville ilikuwa fupi kwa sababu kuanguka kwake hakukuandikwa katika hesabu za mtu mwingine yeyote.

3. Msumeno unatangulia kamba

Msumeno wa mnyororo, ambao vijana wa miji yetu huuita kwa jina lake la Kifaransa tu, una asili ambayo hakuna mpasua mbao angeibahatisha. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walieleza mnyororo mwembamba wenye meno, unaovutwa kwa mikono miwili, wa kukatia mifupa ya wagonjwa. Basi chombo kilitoka kwa mpasuaji wa watu, na baada ya zaidi ya miaka mia moja, kikiwa kimepewa injini, kikamfikia mpasuaji wa miti. Hapa kwa mara moja istiara na historia zinakubaliana.

Msumeno wa umeme wa Mjerumani Andreas Stihl wa mwaka 1926 ulibebwa na watu wawili, na hakuna aliyefikiria kuupandisha mtini. Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. Mwaka 1946, katika misitu ya Oregon, Joseph Cox alimtazama buu wa mdudu akitafuna kisiki, akaona kwamba taya zake hukata kushoto na kulia kwa zamu, tena bila kujali mwelekeo wa nyuzi za mti. Akatengeneza mnyororo wenye meno ya namna hiyo, na hadi leo minyororo mingi ni watoto wa mnyororo wake. Kisha uzito ukashuka. Mwaka 1959 ulitoka msumeno wa Stihl uitwao Contra, wa kilo 12 hivi. Baadaye ikaja misumeno midogo yenye mpini wa juu, iliyokusudiwa mkwezi, ambayo kwa bahati mbaya inashikika kwa mkono mmoja.

Sasa, chombo chepesi na cha bei nafuu kikikutana na kazi nyingi kwa ghafula, wanagenzi huzaliwa kwa maelfu. Ndivyo ilivyotokea Uingereza. Kuvu inayoua miti iitwayo elm (tuandike mwelmi, mielmi, neno lisichanganywe na elimu) ilichunguzwa kwanza na wanasayansi wa kike wa Uholanzi katika miaka ya 1920, ndiyo maana ugonjwa ukaitwa wa Kiholanzi, kana kwamba daktari ndiye aliyeuleta. Ulionekana Uingereza mwaka 1927, ukavuka kwenda Marekani ndani ya magogo ya samani na kugunduliwa Ohio mwaka 1930. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aina kali zaidi ilirudi Uingereza ndani ya magogo kutoka Amerika ya Kaskazini. Zaidi ya mielmi milioni 25 ilikufa.

Mielmi hiyo haikuwa ya msituni. Ilisimama kwenye nyua za mashamba, kando ya barabara, juu ya paa za shule. Mti mfu wa mita 30 juu ya barabara hauwezi kungoja kijana amalize masomo. Aliyekuwa na msumeno na gari dogo alikuwa na kazi, na swali la vyombo likajibiwa kinyume na jinsi lilivyojibiwa Ohio: msumeno kwanza, kamba baadaye, mwalimu pengine kamwe. Tena mti uliokufa ni mgonjwa mbaya wa kujifunzia. Tawi bichi huinama kabla ya kuvunjika, tawi kavu halitoi habari.

Mji wa Brighton, pwani ya kusini, ulikwenda njia yake. Wakuu wa mji waliikagua miti mwaka hadi mwaka, wakaikata mapema ile iliyoambukizwa na kuitunza mingine, na maelfu ya mielmi imesalia huko hadi leo. Twaona humo somo la uchumi kuliko la botania: penye kazi ya kudumu pana wajuzi wa kudumu.

Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Oktoba 1987, dhoruba ilivuma kusini mwa Uingereza na kuangusha miti inayokadiriwa kuwa milioni 15. Miti ilikuwa bado na majani, na ardhi ilikuwa imelowa. Mji wa Sevenoaks, ambao jina lake maana yake ni mialoni saba, ulibakiwa na mmoja. Katika bustani ya Kew palianguka miti ipatayo 700. Mwaloni mmoja wa zamani hapo Kew, unaoitwa kwa jina la Turner, uliinuliwa na upepo pamoja na mizizi yake ukarudishwa mahali pake. Watunzaji waliuacha wakidhani watauondoa baadaye, nao ukastawi kuliko hapo kwanza, kwa sababu udongo ulioshindiliwa na nyayo za wageni ulikuwa umelegezwa. Ni mojawapo ya matibabu bora katika historia ya kazi hii, na aliyeyafanya hakuwa na chombo chochote.

Baada ya dhoruba, kama baada ya ugonjwa, misumeno iliuzwa na wanagenzi wapya wakapanda. Tena mti ulioanguka ni hatari kuliko uliosimama: shina lililopindwa limejaa nguvu iliyofungwa, na anayelikata upande usiofaa humfungulia mlango teke lake.

4. Karatasi

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 juu ya usalama kazini iliweka wajibu wa jumla kwa mwajiri. Iliyobadilisha mzigo wa mkwezi hasa ni kanuni ya mwaka 1998 juu ya vyombo vya kuinulia. Kwa mujibu wake, chombo chochote kinachobeba mtu lazima kichunguzwe na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi 6, na uchunguzi uandikwe. Kamba ya babu ikawa haina thamani, si kwa sababu imeoza, bali kwa sababu haina maandishi.

Tukae kidogo kwenye orodha ya mwanagenzi wa kipindi hiki, maana ndipo historia inaposomeka vizuri zaidi.

Kamba yake ni ya nyuzi za viwandani, yenye kipenyo cha milimita 12 au 13, inayostahimili zaidi ya tani mbili. Anaanza na ya mita 35 hadi 45, na anayeshangaa urefu huo anasahau kwamba kamba hupita juu ya panda na kurudi: ya mita 40 humfikisha mita 20 tu. Fundo lake ni jamaa ya lile ambalo Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alilieleza mwaka 1931, kipande cha uzi mwembamba kinachoizunguka kamba nene na kuibana. Mshipi wa kukalia na kamba havinunuliwi kwa mtu mwingine, hata viwe na sura mpya, kwa kuwa mnunuzi hawezi kujua vilianguka na nani. Msumeno wa mkono unaweza kununuliwa popote, nao ndio utakaofanya kazi nyingi zaidi ya mwaka wa kwanza. Kofia ngumu yafaa iwe na ukanda wa kidevuni, kwani kofia ya mkata miti wa ardhini humtoka mkwezi anapoinamisha kichwa.

Suruali ina mafunzo yake. Ndani yake mna matabaka ya nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa, huzivuta nje, nazo huuziba gurudumu la msumeno mpaka usimame. Anayekata ardhini hulindwa mbele tu, kwa maana hatari humjia mbele. Anayening'inia hugeuka kila upande, kwa hiyo yake hulinda mguu pande zote, na huwa nzito na yenye joto. Wanagenzi wengi hununua ya kwanza kwa sababu ya bei.

Vyuma vya kukwelea vyenye mwiba, vinavyofungwa miguuni, huvutia macho ya kila kijana dukani. Kila hatua yake ni tundu kwenye gome, na baada ya Shigo tunajua tundu hilo lina gharama gani. Huvaliwa kwa mti utakaoondolewa, si kwa mti utakaobaki. Mwenye bustani anayejua mambo, akimwona mtu amefika kupogoa mwaloni wake akiwa na miiba miguuni, humrudisha langoni.

Msumeno wa mnyororo uliwekwa mwisho wa orodha, na huu ndio mgeuko mkubwa. Katika mfululizo wa vyeti uliotumika Uingereza tangu miaka ya 1990, mwanagenzi alijifunza kwanza kuutunza msumeno na kukata magogo ardhini, kisha kuangusha mti mdogo, kisha kukwea na kumwokoa mwenzake aliyeumia juu. Ndipo aliporuhusiwa kufanya mtihani wa kuutumia msumeno akiwa kwenye kamba. Kuokoa kulitangulia kukata. Anapokata kwa mnyororo lazima awe amefungwa mahali pawili, na kanuni za kazi za mwaka 2020 zimekwenda mbali zaidi kwa kudai kamba mbili zinazojitegemea kama kawaida ya kazi.

Je, kazi hupatikanaje chini ya utaratibu huo? Hupatikana kwa kuanzia chini, kwa maana halisi ya neno. Mwanagenzi huajiriwa kuwa mtu wa ardhini: huburura matawi, huyalisha mashine ya kusaga, hushusha kwa kamba vipande anavyokatiwa na mwenzake wa juu, husimamisha wapita njia. Mwanzoni haulizwi kama anajua kukwea, huulizwa kama ana leseni ya gari na cheti cha msumeno. Hukwea jioni, kwa mti wa mazoezi, kwa kamba aliyojinunulia. Siku mkwezi wa kampuni anapokuwa mgonjwa, basi, kamba ile ndiyo barua yake ya maombi.

Utaratibu huu umeokoa maisha, hatuna shaka. Lakini haukuuondoa mzigo mabegani mwa anayeanza, umeubadilisha umbo tu. Zamani alihatarisha shingo. Sasa hulipia kwanza mafunzo, vyombo na bima kabla ya kupata senti ya kwanza, na wakwezi wengi hufanya kazi kwa mkataba wa siku wakiwa na vyombo vyao wenyewe, kama mkataji wa Kwilu na mshipi wake. Kijana asiye na akiba hurudi kwenye njia ya miaka ya mielmi: msumeno wa kuazima, kamba ya dukani, na mteja asiyeuliza.

5. Neno lisilokuwapo

Kwetu Lubumbashi, mji uliotiwa msingi mwaka 1910, barabara za zamani zilipandwa jakaranda na miti mingine ya kivuli, na nyua zetu zina miembe na mikaratusi. Miti iliyopandwa pamoja huzeeka pamoja. Kila mwaka kabla ya mvua vijana hupita malangoni wakiwa na panga au shoka, wakiuliza kama kuna mti wa kukata. Bei hupatanwa chini ya mti, na mwenye ua huuliza kama tawi litaharibu bati lake. Kamba ikiwapo, mara nyingi ni ya kuvutia tawi, haimshiki mtu. Wala haishikwi na anayejua la kufanya ikiwa yule wa juu ameumia.

Tunapotafuta msamiati wa kazi hii tunaona kwamba Kiswahili kimemtunza vizuri mtu wa juu. Tunaye mkwezi wa nazi, tunaye mgema wa tembo, tunaye mpandaji wa kila namna. Kwa mtu wa chini, anayeishika kamba, anayemtazama mwenzake bila kugeuza shingo na aliyejifunza kumfuata, hatujalikuta jina lililokubalika. Mnazi na mchikichi hazikumhitaji. Mkwezi wake alipanda peke yake. Waandishi wa istilahi wanaweza kusema msaidizi, lakini msaidizi ni mtu anayeweza kukosekana. Sisi tunapendekeza mshika kamba, na tunaomba wasomaji wa Kindu, wa Bukavu na wa Kalemie watuandikie ikiwa kwao kuna neno jingine.